Kiatu Kwanza, Pedali Baadaye: Viatu vya Kuendeshea Caterham na Lotus Elise

Mteja akiniletea Caterham Seven yake na kulalamika kwamba pedali zimebanana mno, kabla sijashika spana humwomba avue kiatu cha kulia anipe. Nakigeuza juu chini, naweka rula pale soli ilipo pana kuliko kwingine kote, kisha nainama na kuingiza mkono chini ya dashibodi nipime nafasi iliyopo kati ya pedali ya breki na bomba la fremu lililo upande wa kulia. Mara nyingi hatuhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu vipimo viwili hivyo vikiwekwa pamoja mwenye gari huona mwenyewe kwamba anajaribu kupitisha kitu kipana mahali pembamba.

Mimi ni fundi. Nimezaliwa Tanga, na kwa miaka mingi sasa nafanya kazi mashariki mwa Uingereza, nikishughulika na magari madogo mepesi ya michezo, hasa Seven na Lotus Elise. Katika kazi hii nimeona watu wakilipia matairi bora, breki bora na viti vya kushonewa maalumu, halafu wakaingia ndani ya gari na raba za kukimbilia asubuhi. Kiatu ndicho kiungo pekee kati ya mguu wa dereva na breki, kwa hiyo nalichukulia suala hili kwa uzito uleule ninaoupa mfumo wa breki wenyewe.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini magari haya yana pedali zilizosongamana. Seven ilianzishwa na Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, mwaka 1957, na haki za kuitengeneza zikachukuliwa na kampuni ya Caterham mwaka 1973. Tangu wakati huo umbo lake la msingi halijabadilika sana. Ni fremu ya mabomba membamba ya chuma iliyofunikwa kwa mabati mepesi, injini iko mbele, na dereva ameketi karibu kabisa na ekseli ya nyuma huku miguu yake ikinyooka ubavuni mwa giaboksi. Bodi inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyoelekea mbele, na hapo mbele ndipo pedali zilipo. Katika gari lenye usukani kulia, nyumba ya klachi na giaboksi inakula nafasi ya upande wa kushoto, mabomba ya fremu yanakula ya kulia, na pedali tatu hugawana kinachobaki. Caterham hutengeneza pia chesisi pana iitwayo SV kwa ajili ya watu wenye miili mikubwa, lakini nyingi ninazoletewa ni zile nyembamba za kawaida.

Elise, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ina injini nyuma ya dereva, na mtu angedhani kwamba huko mbele miguu itakuwa na uhuru. Tatizo lake ni tairi za mbele. Ziko karibu sana na miguu, na madigadi yake yanaingia ndani ya nafasi ya dereva. Usukani ukiwa kulia, digadi la tairi ya kulia linaisukuma eksileta kuelekea katikati ya gari, na pedali zote zinahama pamoja nayo. Usukani ukiwa kushoto, ni klachi inayosukumwa. Ndiyo maana dereva wa Elise hukaa miguu ikiwa imepinda kidogo kuelekea katikati, na ndiyo maana ukingo wa nje wa kiatu chake husuguana na ukuta.

Sasa nirudi kwenye rula, kwa sababu upana ndio jambo la kwanza, na ndilo ambalo maduka ya viatu hayalitaji kamwe. Namba ya kiatu hueleza urefu. Mguu wangu, nikisimama juu ya karatasi na kuuchora, una upana wa milimita 98 nyuma ya vidole. Kiatu changu cha karting, yaani cha mbio za vigari vidogo vya wazi, namba 43, kina soli yenye upana wa milimita 103 mahali hapohapo. Raba zangu za kukimbilia, namba ileile, zina milimita 115. Tofauti ya milimita 12 haina maana yoyote unapotembea barabarani. Kwa hakika watengenezaji wa raba huitanua soli makusudi ili mkimbiaji asiteguke. Lakini pale ambapo nafasi kati ya pedali moja na nyingine inapimwa kwa upana wa vidole viwili, milimita 12 za mpira zinatosha kukanyaga breki na eksileta kwa pamoja bila ya wewe kujua.

Jambo hili limenipata. Jioni moja ya Novemba niliondoka karakana nikiwa na buti zangu za kazi, zile zenye chuma puani, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na sikutaka kubadilisha viatu kwa safari ya dakika kumi. Nikikaribia mzunguko wa barabara, lami ikiwa imelowa, nilitoa mguu kwenye eksileta ili nikanyage breki, na ukingo wa soli ukanasa chini ya pedali ya breki. Mguu ulikwama. Niliuvuta nyuma, nikaunyanyua, nikakanyaga, na gari likasimama pua yake ikiwa imevuka mstari, huku lori likipita mbele yangu. Tangu siku hiyo buti za kazi haziingii kwenye Seven.

Ukitaka kujua kiatu chako kinagusa wapi, fanya kama ninavyofanya na wateja. Chukua chaki nyeupe, ipake kwa wingi kwenye kingo zote mbili za soli, kulia na kushoto, mpaka kwenye pua. Keti garini injini ikiwa imezimwa, funga mkanda, kisha fanya mizunguko yote ya kawaida: klachi, gia, eksileta, breki ya ghafla, rudi kwenye eksileta, mara ishirini au zaidi, kwa kasi ileile unayoitumia barabarani. Halafu toka, washa tochi, uangalie chaki imebaki wapi. Chaki usoni mwa pedali ni sawa. Chaki kwenye ubavu wa kulia wa pedali ya breki maana yake ni kwamba unaisugua kila unapokanyaga eksileta. Chaki chini ya ukingo wa breki ni dalili ya hatari ile iliyonipata mimi. Na usisahau kiatu cha kushoto: katika Seven nyembamba hakuna mahali pa kupumzishia mguu pembeni ya klachi, kwa hiyo wengi huutelezesha chini yake, na hapo fundo nene la kamba au ulimi uliojaa sponji hunasa kwa urahisi.

Baada ya upana unafuata unene wa soli. RAC, kampuni ya hapa Uingereza inayowahudumia wenye magari, hushauri soli isizidi milimita 10, na mimi nakubaliana na kipimo hicho. Sababu yake inaonekana wazi zaidi katika Seven kuliko katika gari la kawaida. Seven haina kile kifaa cha kuongezea nguvu ya breki ambacho magari karibu yote ya leo yanacho; nguvu inayofika kwenye pedi za breki ni ya mguu wako tu, ikizidishwa na wenzo wa pedali na mafuta ya breki. Ukivaa soli ya sponji ya milimita 30, sehemu ya kwanza ya mkanyago wako inaishia katika kuibonyeza sponji, na unapoteza ile hisia ndogo inayokuambia kwamba tairi inakaribia kufunga, yaani kuacha kuzunguka na kuanza kuburuzika. Hakuna ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisifunge, ya kukuokoa. Unyayo wako ndio unaopaswa kusikia, na hauwezi kusikia ukiwa umelazwa juu ya godoro.

Hata hivyo wembamba una mpaka wake, na hapa sikubaliani na wale wanaoniambia kwamba afadhali waendeshe miguu mitupu. Sheria za hapa haziwakatazi. Kanuni ya 97 ya Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, inataka tu viatu na nguo visivyokuzuia kutumia vidhibiti ipasavyo. Lakini breki ya Seven inahitaji mkanyago mzito, pedali ni chuma chenye kingo, na joto la injini huwa kali sana miguuni siku ya kiangazi. Mguu mtupu unaoumia utapunguza nguvu bila ya kukuomba ruhusa. Kandambili ni mbaya zaidi, kwa kuwa hazishiki kisigino, na mchuchumio unaondoa kabisa ile nukta ambayo mguu unazungukia sakafuni.

Nukta hiyo inastahili maelezo. Dereva hanyanyui mguu mzima kila anapotoka kwenye eksileta kwenda kwenye breki. Kisigino hubaki sakafuni na mguu huzunguka juu yake kama mlango juu ya bawaba. Kisigino cha kiatu kikiwa na pembe kali ya mraba, mguu huruka-ruka badala ya kuzunguka. Kikiwa cha mviringo, na mpira ukipanda kidogo nyuma ya kisigino, mzunguko huwa laini. Waitalia waliliona hili zamani: mwaka 1963 Gianni Mostile alisajili hataza ya kiatu cha ngozi laini chenye vipande vya mpira vilivyotokeza kwenye soli, na kampuni yake ikaitwa Car Shoe. Viatu vya namna hiyo, ambavyo kwetu tungeviita moka, ni vizuri kwa safari ya barabarani katika Elise. Kwa Seven kwenye uwanja wa mbio sivipendekezi, kwa kuwa havina kamba wala mkanda, na mguu unapovutwa nyuma kwa haraka kisigino huchomoka.

Mbinu ya kukanyaga breki huku ukigusa eksileta, ili injini ipande mizunguko wakati unaposhusha gia, hubadilisha hesabu kidogo. Hapo sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya kidole gumba iko kwenye breki, na ukingo wa kulia wa mguu hulazwa juu ya eksileta. Kiatu kinachohitajika ni chembamba, lakini ukingo wake wa nje uwe mgumu kiasi, kwa sababu kiatu laini kama soksi hujikunja badala ya kuisukuma eksileta. Katika gari pana watu huhangaika kuifikia eksileta. Katika Seven pedali zenyewe ziko karibu, kwa hiyo mbinu hii ni rahisi zaidi, alimradi kiatu hakiigusi eksileta wakati hujakusudia.

Kwa matumizi ya kawaida mimi huelekeza watu kwenye viatu vya karting. Ni vyembamba, soli yake ni nyembamba, bei yake ni nafuu kuliko ile ya viatu vya mbio za magari, na hushika kifundo cha mguu bila ya kukizuia kukunjika. Upungufu wake ni kwamba havikutengenezwa kuzuia moto. Anayeingia kwenye mbio za magari anahitaji viatu vya kuzuia moto vyenye alama ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kama vile 8856-2018. Wengine huvaa viatu vya wacheza mieleka. Vina upana mzuri, lakini soli yake huteleza ikikutana na mafuta au maji juu ya pedali ya aluminiamu. Wakati wa kununua, jaribu viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uvae soksi zilezile utakazoendeshea. Kwa uzoefu wangu viatu vya kampuni za Kiitalia kama Sparco na Alpinestars hubana, kwa hiyo mwenye mguu mpana achukue namba moja juu, halafu apime tena upana wa soli kwa rula.

Kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam na Mazda Roadster iliyotoka Japani, nafasi ni kubwa kuliko ya Seven, lakini vipimo ni vilevile, na huhitaji kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilichukua raba za turubai zenye soli bapa, nikampelekea fundi viatu wa mtaani kwetu, nikamwonyesha kwa kalamu ukingo wa mpira uliotokeza nje ya mguu. Aliupunguza kwa kisu kidogo alichokuwa akikinoa juu ya jiwe kila baada ya mikato michache, akausugua kwa msasa, na kazi ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Alitoa milimita 4 kila upande. Jambo moja la kuangalia ni mshono: kisu kikifika kwenye uzi, au kwenye mstari wa gundi unaoshikilia soli, kiatu kitafunguka, na soli inayoning'inia ni mbaya kuliko soli pana.

Kiatu kikishapatikana ndipo narudi kwenye pedali. Naweza kuzisogeza kidogo, kubadilisha urefu wa eksileta ili ilingane na breki inapokuwa imekanyagwa, au kupunguza kipande cha mpira kilichozidi, lakini yote hayo nayafanya mwenye gari akiwa ameketi ndani na viatu vyake mguuni. Akibadilisha viatu, itabidi tuanze upya. Ndiyo maana namwambia aviweke kwenye mfuko nyuma ya kiti, kamwe si sakafuni upande wa dereva ambako vinaweza kuteleza chini ya breki, na avivae pale pale garini ili soli isiokote matope na changarawe. Vinapolika, huanza kwenye ukingo wa nje wa kisigino cha kulia. Siku mpira wa hapo utakapokuwa umeliwa mshazari kiasi cha kuona kitambaa, jozi hiyo imemaliza kazi yake.