Futi nane za nini? Kina na mpangilio wa bwawa la nyumbani huku kwetu Mtwara

Wiki iliyopita nilikuwa Shangani kwa mzee mmoja mstaafu, anataka bwawa nyuma ya nyumba ili wajukuu wakija likizo ya Desemba waogelee hapohapo. Alishachora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, mita nane kwa nne, mwanzoni kina mita moja, mwishoni futi nane. Nikamuuliza mzee wangu, futi nane za nini, akasema za kupiga mbizi, bwawa lisilo na kina si ni karo tu. Mkewe alikuwa anapepeta mchele barazani, hata kichwa hakuinua, "Baba Zuhura, humu ndani nani anapiga mbizi?"

Basi hapo ndo penye kazi yangu yote. Sikuanza na michoro, nilitoa tepu nikamwita mjukuu anayekaa nao, yuko darasa la pili, urefu sentimita 122, kifuani sentimita 90. Mzee mwenyewe kifuani mita 1.25. Sasa mtu anayejifunza kuogelea anataka maji ya kifuani na miguu inagusa chini, na hata anayejua kuogelea hahitaji zaidi ya mita 1.2 hivi ili mikono isikwaruze sakafu. Kwa hiyo familia nyingi nawaambia anzeni na mita moja au pungufu kidogo, malizieni 1.5, inatosha kabisa, mtaogelea, mtacheza mpira, na bibi ataingia bila kushikwa mkono.

Na zile futi nane ni takriban mita 2.4, kwa kupiga mbizi kwenye bwawa la mita nane hazikusaidii, mana ukiruka kichwa kwanza hushuki wima, unaenda mbele, na mbele yako sakafu inapanda inakufuata. Watu wanavunjika shingo hivo hivo kwenye maji wanayoyaona marefu. Anayetaka kuruka bahari ipo, aende na wanaoijua.

Halafu mteremko. Ukitoka mita moja hadi 2.4 ndani ya mita nane, kila mita unayosogea unashuka karibu sentimita 18, na chini ni marumaru yenye utelezi, mtoto akianza kuteleza anajikuta kwenye maji yanayompita kichwa kabla hujasema jamani. Ukiishia 1.5 unashuka sentimita kama 6 tu kwa mita, mtoto anasikia maji yanapanda taratibu anageuka mwenyewe. Kuna wanaopenda kina kiwe katikati, huku na huku mafupi, ni vizuri kwa vijana wa mpira wa wavu, ila nyumba yenye watoto wadogo mimi sipendi, huwezi kuwaambia "msivuke hapa" mana hapa penyewe hapaonekani.

Maji sasa, nane kwa nne kwa wastani wa 1.25 ni lita 40,000. Kwa ramani ya mzee wastani unakuwa 1.7, ni lita 54,400. Hizo lita 14,400 za ziada ni zaidi ya boza la lita elfu kumi, afu utaziwekea klorini na kuzizungusha kwenye filta maisha yako yote, na hakuna mtu anayekaa kule chini.

Lakini Shangani kuna jambo lingine zaidi ya hela. Kabla sijakubali kina chochote karibu na bahari nachimba shimo la majaribio na kulisubiri bamvua, siku za mwezi mpevu au mwandamo, maji yakijaa baharini nakwenda kuchungulia. Shimo la mzee lilianza kulowa kwenye mita 1.9. Ina maana futi nane tungekuwa tunamwaga zege ndani ya maji. Na hata ukifanikiwa, siku ukilikausha bwawa ulipake rangi masika yakiwa yamekolea, maji ya ardhini yanalisukuma juu kama mtumbwi, mana maji yaliyokuwa yanalikandamiza, tani 54 na ushee, umeshayatoa. Yalinikuta huko nyuma, sitasema wapi, sakafu ilipasuka katikati na kona moja ikanyanyuka kiganja kizima. Siku hizi kila bwawa la pwani naweka valvu ya chini ya kuachia hayo maji ya ardhini yaingie ndani badala ya kusukuma, na silikaushi bila kupima kwanza. Ukiwa juu kule Naliendele hofu hii inapungua, tatizo lako huko ni mikorosho.

Mikorosho ni hivi, kusi ikivuma katikati ya mwaka inatoka kusini mashariki, majani na maua yote yanasogezwa upande wa kaskazini magharibi. Skima, yaani ule mdomo unaonyonya uchafu wa juu, uweke upande huo, upepo ukufanyie kazi. Jirani akiwa anapulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, utaamka uone utando wa njano juu ya maji, ukikosea skima utauchota na ndoo.

Kuhusu mahali, tulichukua kamba na majivu tukachora kwenye mchanga. Mzee alitaka nyuma kabisa karibu na ukuta pawe na faragha, mkewe akaingia jikoni akasimama dirishani akasema hapo siwaoni. Tukasogeza mpaka akawaona, na upande mfupi tukaugeuzia dirisha lake. Hilo nalitetea popote, ila macho ya mama si uzio, mtoto mdogo anazama hata kwenye ndoo na anazama kimya, weka uzio wa mita 1.2 au zaidi na geti linalojifunga lenyewe. Upande wa maji mafupi tukaongeza kibaraza ndani ya maji, kina sentimita 45, upana wa kukaa mtu na mtoto mapajani. Nina uhakika bibi hatatoka hapo.

Na bwawa liwe mbali na shimo la choo, hilo halina mjadala.

Na maji ya kuoshea filta yachimbie shimo lake la kunywea, usiyaelekeze kwenye mihogo ya jirani, yana klorini. Mimi nililijua hilo kwa kuitwa kwa balozi wa nyumba kumi.