Ukisaini fomu ya utafiti hospitalini, bado unaweza kujitoa

Wengi wanaamini kwamba mgonjwa akishasaini fomu ya utafiti hospitalini hawezi kujitoa, na akikataa atanyimwa matibabu. Sivyo. Azimio la Helsinki la 1964, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, lililorekebishwa mara kadhaa, linampa mshiriki haki ya kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Hofu yenyewe inaeleweka, maana anayekuletea fomu mara nyingi ndiye anayekutibu.

Fomu isome taratibu, au usomewe kwa lugha unayoielewa. Tafuta mahali palipoandikwa kuwa ushiriki ni wa hiari, na namba ya simu ya kamati ya maadili inayosimamia utafiti huo. Una haki ya kuipigia. Omba nakala yako. Damu uliyotoa nayo, uliza mapema itakuwaje ukijitoa: matokeo yaliyokwisha kuchambuliwa huwa vigumu kuyaondoa, lakini sampuli iliyohifadhiwa mara nyingi unaweza kuomba iharibiwe.