Asante ya Kufinywa Si Shukrani

Msimu wa sikukuu ukikaribia, lalamiko huwa lile lile: "Mwanangu kapewa zawadi, kaitupa kando, asante haitoki mpaka nimfinye." Wengine hunitajia punda na mateke yake. Nikiuliza umri wa huyo mtovu wa fadhila, naambiwa miaka mitatu.

Dhana: Akisema asante, ameshajua kushukuru.

Hapa ndipo uvumilivu wangu huniishia. Asante ya kushurutishwa ni adabu, na adabu ni njema, ila tusiiite shukrani. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Esther Greif na Jean Berko Gleason, waliandika walichokiona watoto wadogo walipopewa zawadi: ni wachache sana walioshukuru bila kukumbushwa. Ili mtu ashukuru kwa moyo, sharti atambue kwamba mwenzake alimfikiria, akatoa chake kwa hiari. Uwezo wa kuelewa yaliyomo kichwani mwa mwingine huja taratibu, na kwa watoto wengi hudhihirika wakiwa na miaka 4 au 5. Wa miaka miwili analiona gari la kuchezea. Shangazi aliyelinunua bado hamwoni.

Sasa wewe unamsimamisha mbele ya wageni, "Sema asante! Hatujasikia!" Anachojifunza ni kwamba zawadi huja na aibu. Mkumbushe mara moja, kwa upole. Akinyamaza, mshukurie wewe, mambo yaendelee. Kazi yenyewe ni baadaye, mkiwa wawili: "Hivi shangazi alijuaje kwamba unapenda magari?" Mwanasaikolojia Andrea Hussong wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzake wanaieleza shukrani kwa hatua nne: kuona, kufikiri, kuhisi, kutenda. Wazazi wengi huanzia ya nne na kukomea hapo.

Na zawadi zifunguliwe moja moja, jamani. (Wanaonijua wamelichoka neno hili.) Aichezee hiyo kwanza, nyingine isubiri hata kesho. Kumi kwa mpigo, hata mtu mzima hakumbuki ipi imetoka kwa nani.

Dhana: Akililia zawadi asiyoipenda, amedekezwa.

Pengine. Mara nyingi amekosa usingizi wa mchana na nyumba imejaa watu asiowajua. Mlaze.

Dhana: Ukimkumbusha watoto wasio na kitu, atashukuru.

Atajisikia mkosaji, au atafurahi kwamba si yeye. Mwache achague mwenyewe kitu cha kumpa mtu, akikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Akibadili mawazo mlangoni na kukikumbatia, msubiri. Ndiyo kwanza anajua kutoa kunauma.

Dhana: Ni somo la sikukuu.

Basi niambie, mara ya mwisho alikusikia lini ukimshukuru aliyeosha vyombo?