Acheni kukatakata sentensi: lebo moja ya Android inatosha

Dhana: TextView (lebo ya maandishi kwenye skrini ya Android) hubeba mtindo mmoja tu, kwa hiyo neno likitakiwa kuwa na herufi nzito unaongeza TextView nyingine.

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote. Unafungua skrini ya salio unakuta LinearLayout ya mlalo (fremu inayopanga vitu kwa safu) yenye TextView tatu: "Salio lako ni", kisha "Sh 5,000/=" kwa herufi nzito, kisha "hadi leo". Kwenye simu ya msanidi inapendeza. Mtumiaji akikuza maandishi (Android 14 inafika asilimia 200), lebo za mwanzo zinajichukulia upana wote, ya tatu inabanwa pembeni hadi herufi zinashuka moja moja kama ngazi. Kila TextView hukunja mistari yake yenyewe; haina habari kwamba jirani ni mwendelezo wa sentensi. Asiyeona naye husomewa na simu vipande vitatu badala ya sentensi. Mfasiri ndiyo kabisa hana pa kushika: Kiingereza hutanguliza namba, sisi tunasema "Taarifa 3 hazijasomwa", namba ikiwa katikati.

TextView hupokea CharSequence (mfuatano wa herufi), na mtindo hukaa humo humo kama span, yaani alama ya mtindo inayoshika sehemu ya maandishi. Andika hivi kwenye strings.xml, faili la maneno ya programu:

`<string name="salio">Salio lako ni <b>Sh ^1/=</b> hadi leo</string>`

Halafu kwenye msimbo wa Kotlin:

`lebo.text = TextUtils.expandTemplate(getText(R.string.salio), kiasi)`

Basi. Kiasi kinaingia mahali pa ^1, uzito unabaki, na mfasiri anaisogeza `<b>` atakako. Nafasi ni tisa, ^1 hadi ^9. Sentensi inayohitaji zaidi ya hapo ina matatizo mengine.

Na tafadhali, mkiweka span kwa msimbo, msihesabu herufi kwa vidole. Ukiandika `setSpan(StyleSpan(Typeface.BOLD), 14, 24, SPAN_EXCLUSIVE_EXCLUSIVE)`, "Sh 5,000/=" inakaa sawasawa, kwa sababu 14 imo na 24 haimo. Salio likishuka hadi Sh 500/=, uzito unamwagikia "h" ya "hadi". Sentensi ikitafsiriwa ikawa fupi, yenye herufi 19 tu, programu inaanguka: `setSpan (14 ... 24) ends beyond length 19`. Kutafuta kwa indexOf() ni afadhali kidogo, ila neno lisipopatikana inarudisha -1 na mnaanguka vilevile.

Dhana: Android inafuta `<b>` zangu.

Aliyezifuta ni wewe, ulipoita getString(). Hiyo hurudisha String ya kawaida isiyo na mtindo. Inayouhifadhi ni getText(). String.format() nayo huufuta, na kuunganisha kwa alama ya + pia. Unganisha kwa TextUtils.concat().

Dhana: Html.fromHtml() ni kivinjari kidogo.

Si kivinjari; hugeuza HTML kuwa maandishi yenye mtindo. Inaelewa tagi chache kama b, i, u, a na font. Ukiipa font-size au padding, inazipita kama haikuziona. Kuanzia API 24 (Android 7.0) tumia ile yenye bendera, yaani kigezo cha ziada, `Html.FROM_HTML_MODE_LEGACY` kwa mfano. Jina la mteja likiingia humo, lipitishe kwanza kwenye TextUtils.htmlEncode(), la sivyo alama < moja inavuruga sentensi nzima.

Dhana: ukiweka ClickableSpan (span ya kubonyeza), kiungo kinabonyezeka.

Kinapata rangi na mstari, lakini hakibonyezeki mpaka uongeze `lebo.movementMethod = LinkMovementMethod.getInstance()`. Tiketi nyingi (malalamiko ya watumiaji) za "kiungo cha masharti hakifunguki" dawa yake ni mstari huo mmoja.

Dhana: ForegroundColorSpan (span ya rangi ya herufi) moja inatosha kwa maneno matatu.

Span moja hukaa mahali pamoja. Ukiiweka tena kwenye neno la pili, inahama kutoka la kwanza, na mwishowe ni neno la tatu tu lenye rangi. Tengeneza mpya kwa kila neno, au izungushie CharacterStyle.wrap() kila unapoiweka.