Ditekta ikilia ovyo, itoe nje kwanza

Wachimbaji wadogo wanaoniletea ditekta, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, hapa Chunya husema karibu neno lilelile: "Fundi, imekufa, inalia tu." Nikiuliza waliijaribia wapi, jibu ni sebuleni. Ndani ya nyumba hakuna ditekta itakayotulia. Sakafu ina nondo, paa ni bati, na koili, ile sahani ya chini inayohisi metali, hunasa mawimbi ya nyaya za ukutani, taa za LED na simu iliyo mfukoni mwako.

Toka nayo nje, mbali na nguzo za umeme. Simu iache ndani, vua pete na saa. Elekeza koili angani, shusha usikivu hadi nusu, kisha pitisha sarafu ya shilingi 200 mbele yake. Ikilia kwa sarafu na kunyamaza sarafu ikiondoka, mashine ni nzima.

Isiponyamaza, pima betri mashine ikiwa imewashwa, maana betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina kazi. Za AA za kuchaji zina volti 1.2, si 1.5: zikiwa nane unapata 9.6 badala ya 12, na mashine nyingine hazikubali.

Ugonjwa mwingi naukuta kwenye waya wa koili. Ukiwa umelegea kwenye mpini, unachezacheza juu ya koili na kuiliza kila unapofagia, ufunge vizuri. Sehemu mbaya zaidi ni pale unapojikunja karibu na plagi: nyuzi za ndani hukatika huku ganda likiwa zima. Laza mashine juu ya kiti cha plastiki, usiiguse koili, kunja waya taratibu, kipande kwa kipande. Sauti ikiruka, umepafikia. Hapo ni kukata, kuchuna na kulehemu upya.

Koili yenyewe, nakusihi, usiipasue. Nyingi zina mizunguko miwili ya waya iliyopangwa ili mmoja usiusikie mwenzake, ikamiminiwa gundi ngumu. Ukiisogeza kidogo tu, mpangilio umeharibika. Igonge kwa kidole. Ikilia kila unapogonga, tafuta koili nyingine.

Na ikiwa imetulia hewani lakini inalia ikigusa ardhi, hiyo haina ubovu. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi. Isawazishe na ardhi, yaani izoee udongo huo isiulilie, kwa kupandisha na kushusha koili mahali pasipo na metali, na urudie kila unapohamia eneo jipya.