Kusaka rekodi za kasi kwa baiskeli barabarani: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kwa kuwa programu za simu kama Strava humwezesha mwendesha baiskeli kulinganisha muda wake na wa wenzake katika kipande kile kile cha barabara, mashindano yameingia mahali pasipo na refa wala kizuizi, ambapo watumiaji wengine wa barabara hawana habari kwamba yanaendelea. Dhana zinazoyatetea hazina uzito sawa, ila zote humwondolea mpanda baiskeli wajibu wake.

Dhana: Nikianguka nitaumia mwenyewe.
Mwaka 2012 huko San Francisco, mwendesha baiskeli alimgonga mzee aliyekuwa akivuka barabara kwa miguu, na mzee huyo akafariki; mwaka uliofuata mwendeshaji alikiri kosa mahakamani. Hapa kwetu, anayepita Namawojjolo katika barabara ya Kampala kwenda Jinja anajua jinsi wachuuzi wanavyoyakimbilia mabasi na teksi wakiwa na nyama choma na gonja (ndizi za kuchoma). Macho yao yako kwa abiria na masikio yao yamezoea injini, ilhali baiskeli huja kimya.

Dhana: Mwenye breki nzuri na uzoefu husimama kwa wakati.
Hapa hesabu ni kali kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ambao mteremko kama wa Kapchorwa humpa mtu bila jasho, baiskeli hupita karibu mita 17 katika ile sekunde moja ambayo mpandaji ameona hatari lakini hajagusa breki. Baada ya hapo huhitaji takriban mita 28 nyingine katika lami kavu, kwa sababu akikaza breki ya mbele kupita kiasi gurudumu la nyuma huinuka naye akarushwa juu ya usukani. Hicho ni kikomo cha maumbile ya baiskeli, ambacho breki ghali hazikiondoi. Jumla ni mita 45, wakati kwa kilomita 30 kwa saa zingetosha mita 15 hivi. Mvua, changarawe au tuta lisilo na alama huongeza umbali huo.

Dhana: Helmeti inatosha.
Kipimo cha Ulaya, EN 1078, huzijaribu helmeti kwa mgongano wa takriban kilomita 20 kwa saa tu. Ivaliwe, bila shaka, lakini haikupimwa kwa kasi ya mteremkoni.

Dhana: Lawama ni ya kampuni iliyoanzisha mashindano.
Mwendesha baiskeli mmoja alifariki mwaka 2010 akiteremka kwa kasi huko Berkeley, California, na familia yake ikaishtaki Strava. Mwaka 2013 mahakama iliitupilia mbali kesi hiyo, kwa hoja kwamba hatari za mchezo huo zinajulikana na anayeucheza. Uamuzi huo haufungi mahakama za Uganda, lakini mantiki yake ni vigumu kuikwepa.

Dhana: Rekodi ya barabarani huonyesha nani ana nguvu.
Mwendesha baiskeli Mwitaliano Filippo Ganna alipoweka rekodi ya kuendesha kilomita 56.792 kwa saa moja mwaka 2022, alikuwa peke yake katika uwanja wa ndani huko Grenchen, Uswisi. Barabarani, upepo wa nyuma au kujificha nyuma ya lori huweza kumshindisha mnyonge. Miguu hupimwa kwa haki zaidi katika kupanda mlima, ambako upepo hausaidii sana na mwendo ni mdogo kiasi cha kumpisha mbuzi.