Unajisi si dhambi

Kwa mara nyingine tena, katika ibada ya Jumapili hapa Dodoma, nimemsikia mhubiri akiwaambia akina mama kwamba aliye katika siku zake asikaribie Meza ya Bwana kwa sababu yumo dhambini, naye akataja Mambo ya Walawi 15 kuwa ushahidi. Sura hiyo haisemi hivyo. Unajisi katika torati ni hali inayomzuia mtu kwa muda kuingia patakatifu au kugusa kilichowekwa wakfu, nayo huondoka kwa kuoga, kwa kungoja jua lizame au siku zilizowekwa zitimie, na mara nyingine kwa sadaka.

Nadhani lugha yetu imechangia kosa hili. Neno najisi tulilipokea kutoka Kiarabu, kisha tukalibebesha mzigo mzito, hata leo tukiambiwa mtoto amenajisiwa tunaelewa mara moja kwamba ametendewa jinai ya kutisha. Neno la Kiebrania, tame, peke yake halina shutuma hiyo. Kinyume chake ni tahor, lenye shina moja na neno la Kiarabu lililotupatia tohara, ambalo wengi wetu tukilisikia tunawaza jando tu, ilhali jirani zetu Waislamu, wanaposema twahara wakizungumzia udhu, wamebaki karibu zaidi na maana yake ya kwanza: usafi wa kumwezesha mtu kuingia katika ibada.

Tazama ni nani hasa wanaopata unajisi. Kwa mujibu wa Hesabu 19, anayegusa maiti huwa najisi siku 7, na hakuna anayeweza kusema kwamba kumwosha na kumzika mzazi wako ni dhambi. Katika sura hiyohiyo, kuhani anayesimamia kuchomwa kwa ng'ombe mwekundu, ambaye majivu yake ndiyo yatakayowatakasa watu, huwa najisi mpaka jioni kwa kutii agizo la Mungu. Katika Walawi 12, mama aliyejifungua mtoto wa kiume hungoja siku 40, na wa kike siku 80, ingawa kuzaa ni baraka iliyotamkwa katika Mwanzo 1.

Hapo huja pingamizi kwamba mama huyo aliagizwa kuleta sadaka ya dhambi. Ndivyo Biblia yetu inavyosomeka, lakini neno lililotafsiriwa hivyo, hattat, limetokana na kitenzi ambacho katika umbo lake mojawapo maana yake ni kutakasa, na katika Kutoka 29 sadaka hiyohiyo hutolewa kwa ajili ya madhabahu, ambayo ni kitu kisichoweza kukosa. Sikatai kwamba torati inalo pia neno unajisi kwa ajili ya uovu wenyewe, kama vile uzinzi wa Walawi 18, lakini unajisi wa namna hiyo hauondoki kwa kuoga na kungoja jioni.

Kwa Mkristo, Marko 7 na Matendo 10, zinazozungumzia kilicho najisi na kilicho safi, zimemfungulia mlango wa kutofungwa na sheria hizi, na mtaguso wa Yerusalemu, yaani kikao cha mitume na wazee katika Matendo 15, haukuwatwika waamini wa mataifa, wasio Wayahudi, sheria za Walawi 12 na 15. Ndugu zetu Wasabato bado wanashika sheria ya vyakula ya Walawi 11 na hawali kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nami ninaheshimu utii wao. Lakini mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alipogusa vazi la Yesu, hakuambiwa atubu. Aliitwa binti, akaambiwa aende kwa amani. Waebrania 9 inayataja majivu yale ya ng'ombe ili kutuonyesha damu ya Kristo inayosafisha dhamiri, na huko ndiko sheria hizi zinakomfikisha anayezisoma leo.

Kwa hiyo, mhubiri mpendwa, Jumapili ijayo unapoandaa Meza, waulize watu wako kama wamepatana na jirani zao, na suala la siku za akina mama uliache.